Nina mimba ya wiki 17, na mbio za Moshi zimebaki wiki nne

Anti, shikamoo.

Nina miaka 33, ni mhasibu, naishi Arusha na mume wangu. Tangu mwezi uliopita mama mkwe naye yuko kwetu. Nina ujauzito wa wiki 17.

Nimekimbia kwa miaka sita sasa. Kabla ya mimba hii nilikuwa nafikisha kilomita 40 hadi 45 kwa wiki, siku nne, na Jumapili ndiyo siku ya mbio ndefu, kilomita 16 au 18. Kilomita 21 niliwahi kuzimaliza kwa saa 1 na dakika 54. Nilijiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kabla sijajua kama nina mimba. Siku ya mbio nitakuwa wiki ya 21.

Miaka miwili iliyopita mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na wiki tisa. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimekimbia kilomita 15. Mama mkwe hakusema kitu hospitalini, lakini tulipofika nyumbani alisema, "Mtoto hakai kwenye tumbo linalorushwarushwa." Mume wangu hakumpinga wala hakumuunga mkono. Miezi ile kilichonitoa kitandani ni klabu yetu ya mbio. Walikuwa wanakuja hadi getini kunisubiri.

Sasa mama akiona raba zangu mlangoni ananyamaza mpaka jioni. Anasema pia nikiendelea kitovu kitamzonga mtoto. Basi nimeanza kutoka saa kumi na moja alfajiri, bado giza, nikiaga kwamba naenda kutembea kidogo. Klabuni nako hakuna anayejua. Nimekabidhiwa wanawake wanane ambao hawajawahi kukimbia 21, mimi ndiye wa kuwashikia kasi siku ile. Nikiwaambia sasa hivi, naona kama nawaacha njiani.

Kliniki nesi mmoja aliniambia niache mara moja. Daktari akaniambia, "Sikiliza mwili wako," akaita mgonjwa mwingine. Mwili wangu unasema hivi: zamani nilikimbia kilomita kwa dakika 5 na nusu, sasa ni karibu 7. Saa yangu ya mkononi inaonyesha mapigo 70 nikiwa nimekaa, zamani yalikuwa 56. Jumapili iliyopita nikipanda mlima mapigo yalifika 172, nikashikwa na kizunguzungu, nikakaa pembeni dakika tano kisha nikamalizia. Nikiteremka mkojo unanitoka kidogo. Damu yangu ilipimwa ikawa 10.2. Vidonge nimepewa, ila vinanichafua tumbo, kwa hiyo siku nyingine naruka. Utrasaundi ya wiki ya 12 ilionyesha mtoto anaendelea vizuri, ila kondo la nyuma liko chini, wakasema litaangaliwa baadaye.

Mtandaoni nimesoma habari za mama wa Marekani aliyemaliza marathoni ya Chicago akajifungua siku hiyo hiyo. Nikisoma hivyo napata nguvu. Nikimtazama mama mkwe najiona muuaji. Anti, ni ubinafsi kutaka kukimbia?

Mkimbiaji, Arusha

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mimba ile, na pole zaidi kwa sentensi uliyoibeba peke yako miaka miwili. Naanzia hapo kwa sababu naona ndiyo inayoendesha mengine yote: kutoka gizani, kumficha mama, kuwaficha wenzako, hata kule kuinuka baada ya kizunguzungu ukamalizia mlima.

Barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa kwenye kanga moja. Je, mbio ndizo zilizoiondoa mimba ya kwanza? Je, kukimbia kunamdhuru mtoto huyu? Na je, kilomita 21 za Moshi, siku ile, kwa hali uliyonayo, zinakufaa? Ukiyajibu kwa neno moja, "ndiyo" au "hapana", utajionea wewe au utamwonea mama. Tuyafungue moja moja.

Takriban nusu ya mimba zinazoharibika miezi mitatu ya mwanzo huwa na hitilafu ya kromosomu, jambo linaloanza tangu yai na mbegu vinapokutana. Mara nyingi mimba ya namna hiyo huwa imeacha kukua siku kadhaa, hata wiki, kabla damu haijaonekana. Yaani huenda zile kilomita 15 ulizikimbia jambo likiwa limeshapita. Sikufichi kwamba upo utafiti uliowahi kuhusisha mazoezi ya kurukaruka na kuharibika kwa mimba wiki za mwanzo. Lakini wengi kati ya waliopoteza mimba waliulizwa baada ya tukio, na aliyefiwa hukumbuka kila hatua aliyopiga, kwa hiyo watafiti wenyewe waliomba matokeo yasomwe kwa tahadhari. Mimi siwezi kukuapia kwamba sababu haikuwa mbio. Mama mkwe naye hawezi kuapa kwamba ilikuwa mbio. Neno "muuaji" halina ushahidi wa kusimamia, mwanangu.

Kuhusu kitovu, mtoto hujizungushia mwenyewe akijigeuza ndani ya maji ya uzazi. Hutokea hata kwa mama aliyelala kitandani miezi yote tisa.

Swali la pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mjamzito asiye na tatizo afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na unasema aliyezoea mazoezi makali kabla ya mimba anaweza kuendelea nayo. Kwa hiyo "acha mara moja" si sheria ya jumla. Lakini hayo ni ya mimba isiyo na tatizo, na yako ina mambo mawili ambayo bado hayajajibiwa. Ndiyo maana "sikiliza mwili wako" nayo ni nusu ya jibu. Mwili unasema mengi, na mengine hausemi kabisa. Kondo lililo chini halina sauti.

Yale unayoyasikia tuyatafsiri. Ujauzito unaongeza damu mwilini kwa asilimia 40 hadi 50, na moyo unalazimika kupiga zaidi kuizungusha. Mapigo 70 ukiwa umekaa ni ya kawaida. Kushuka kutoka dakika 5 na nusu hadi 7 nako ni kawaida, kwani unabeba uzito mpya. Kasi ya zamani usiitafute.

Ile 172 ni habari nyingine. Kwa umri wako makadirio ya mapigo ya juu kabisa ni 187, na asilimia 90 yake ni 168. Watafiti wa Norway waliwapima wanariadha sita wa kiwango cha Olimpiki wenye mimba za wiki 23 hadi 29, wakikimbia kwenye mashine. Mama alipovuka asilimia 90 ya mapigo yake ya juu, damu iendayo kwenye mfuko wa uzazi ilipungua sana, na kwa baadhi yao mapigo ya mtoto yakashuka. Yalirudi mama alipopumzika. Ni watu sita tu, na saa ya mkononi hudanganya, hasa mkono ukiwa na jasho, kwa hiyo namba hiyo usiigeuze ukuta. Ila wewe ulikuwa juu ya hapo na kizunguzungu juu yake. Kizunguzungu kwenye mazoezi ya mjamzito maana yake ni kusimama, kukaa kivulini, kunywa maji, kurudi nyumbani kwa gari au bodaboda ya taratibu, na kumweleza mkunga. Hakuna kumalizia.

Kipimo bora kuliko saa ni mdomo wako. Ukikutana na jirani barabarani uweze kumsalimia, kumuuliza watoto hawajambo na mama anaendeleaje, bila kukata maneno katikati. Ukishindwa, tembea. Kwenye mlima, kwa mimba ya wiki 17 na damu 10.2, jibu litakuwa kutembea karibu kila mara, na hapo hakuna ulichopoteza.

Sasa yale mawili uliyoyapitia kwa mstari mmoja mmoja.

Kondo kuwa chini wiki ya 12 ni jambo la kawaida. Mfuko wa uzazi unavyokua, kondo kwa wengi huonekana limepanda. Ila ni lazima lionekane, lisidhaniwe. Kipimo cha kati ya wiki ya 18 na ya 22 ndicho kinachofaa, nawe unaweza kukipata kabla ya mbio. Uliza maswali haya kwa maneno haya: "Ukingo wa kondo uko umbali gani na mlango wa kizazi? Mlango wa kizazi una urefu gani?" Likiwa limepanda, kizuizi hicho kimeondoka. Likiwa bado limefunika mlango, madaktari wengi huweka mbio kando na kupanga kipimo kingine kuelekea wiki ya 32, kwa sababu damu yake hutoka ghafla, bila maumivu, na kwa wingi. Hebu fikiria hilo likikukuta saa kumi na moja alfajiri, gizani, watu wote wakijua uko matembezini hapo jirani.

Damu nayo. Kwa mjamzito wa miezi mitatu ya katikati kama wewe, chini ya 10.5 huhesabiwa upungufu, na 10.2 yako ni upungufu mdogo. Sehemu ya kushuka huko hutokana na maji ya damu kuongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, lakini vidonge vinavyorukwa havisaidii. Visogeze viwe vya usiku, baada ya chakula, pamoja na chungwa au maji ya ndimu. Chai na kahawa ziwe mbali navyo kwa saa moja au mbili, maana hufunga madini ya chuma. Choo kuwa cheusi kusikutishe. Kama bado vinakuchafua, mwambie mkunga, kwani ipo aina nyingine na upo mpangilio mwingine wa dozi. Na kama unatafuna udongo (nauliza tu, wengi hawasemi), huo nao hunyima mwili madini hayo na mara nyingi huja na minyoo. Pima tena baada ya wiki tatu hivi, kabla ya siku ya mbio. Damu ikiwa chini, moyo hufidia kwa kupiga haraka, kwa hiyo huenda ile 172 ilikuwa sauti ya 10.2.

Kukimbia kwenyewe, ukipata ruhusa, kuhesabiwe kwa dakika badala ya kilomita. Siku tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 45, ukikimbia dakika nne na kutembea moja. Saa moja kabla, kula ndizi mbivu au kikombe cha uji, sababu sukari ya mjamzito hushuka upesi, na mfukoni weka tende tatu. Beba nusu lita ya maji, upige mafunda machache kila robo saa. Jipime uzito kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji uliyoyapoteza, na ukikaukiwa mfuko wa uzazi unaweza kuanza kujikaza. Raba zikibana, ongeza namba moja. Na subiri kupambazuke. Homoni za ujauzito hulegeza viungo na tumbo limeanza kuhamisha uzito mbele, kwa hiyo shimo dogo uliloruka mwaka jana leo litakuangusha. Ukianguka na tumbo likagonga, nenda hospitali hata kama huna maumivu, kwani kondo linaweza kuachia saa kadhaa baadaye. Nenda na kadi ya kliniki. Kama kundi lako la damu ni hasi, kuna sindano ya kuchomwa ndani ya saa 72.

Mkojo kukutoka ukiteremka mlima ni misuli ya sakafu ya nyonga inayoomba msaada. Kaa wima, kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, shikilia sekunde tano mpaka ufike kumi, achia kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Usibane tumbo wala makalio, na usizuie pumzi. Wengi hukosea pale pa kuachia: misuli isiyoachia nayo huchoka na kuvuja. Ukianza kusikia uzito kama kitu kinashuka ukeni, au maumivu ya mfupa wa mbele ya kinena, punguza mbio uende kwenye kutembea na kuogelea.

Damu au maji kutoka ukeni, tumbo kukaza kwa vipindi, maumivu ya kifua, kukosa pumzi kabla hata ya kuanza, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyama ya nyuma: yoyote kati ya hayo, ni kliniki siku hiyo hiyo.

Tuje Moshi, kwenye swali la tatu. Unaijua njia ya 21: inatoka uwanja wa chuo cha ushirika, inapanda kuelekea Mweka, kisha inarudi ikiteremka. Nusu ya kwanza ni ya mapigo ya moyo, nusu ya pili ni ya kuanguka na mkojo. Moshi iko chini kuliko Arusha kwa mita zaidi ya 500, na mwisho wa Februari jua lake huwaka mapema. Ukichanganya kukimbia na kutembea utakuwa barabarani saa mbili na nusu hadi tatu, yaani ukianza saa moja asubuhi, kilomita za mwisho unazimaliza jua likiwa limepamba moto. Joto la mwili wa mjamzito halitakiwi kuvuka nyuzi 39.

Ukiamua kwenda na 21, basi iwe kondo limepanda, damu imepanda, daktari ameijua njia yenyewe na si "mbio" kwa jumla, na kuna mtu mmoja pembeni yako tangu mwanzo hadi mwisho. Hatari inayobaki ni wewe mwenyewe. Una wanane nyuma yako, watu wanashangilia, na kuacha kilomita ya 9 mbele ya macho yao ni kugumu kuliko kuacha sebuleni kwako leo. Jiulize kama Jumapili ile kwenye mlima uliweza.

Unaweza pia kuuliza waandaaji kama wanakubali kukuhamishia kilomita 5. Utavaa namba kifuani, utakuwa na wenzako asubuhi ile, na utamaliza kabla jua halijapamba moto. Kwa baadhi ya wakimbiaji hilo ni faraja. Kwa wengine ni kama kuonjeshwa chumvi, na ni wewe unayejijua. Au wakabidhi wanane wako kwa mwingine sasa, wiki nne kabla, wapate muda wa kumzoea, halafu wewe usimame njiani na maji na ndizi. Ukiwaambia sasa hujawaacha njiani. Mshika kasi anayezimia kilomita ya 12 ndiye anayewaacha njiani.

Kuacha kabisa nako kuna gharama, na sitaki ulichukue kama njia isiyo na hatari. Mazoezi hushusha uwezekano wa kisukari cha mimba na husaidia moyo uliojaa huzuni, na wewe umeshaonja miezi ambayo klabu ilikuwa dawa. Ukiacha mbio, usiache watu. Tembea nao.

Yule mama wa Chicago ni kweli, ni mwaka 2011, akiwa wiki ya 39. Lakini alitumia saa 6 na dakika 25, nusu anakimbia nusu anatembea, daktari wake akijua, na alikuwa ameshakimbia marathoni hata akiwa na ujauzito mwingine. Mitandao hubeba medali, haibebi vipimo vyake vya damu. Kama unatafuta mama wa kumtazama, yuko karibu zaidi: Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua 2018, akarudi 2019 akapata medali ya fedha Doha kwenye mita 1500, na 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo. Moshi ipo kila mwaka.

Ubinafsi? Mtu mbinafsi haandiki barua kama yako. Ila kuna kitu ningependa ukitazame bila kujihukumu: siri. Kati ya yote uliyonieleza, mlima, joto, damu, siri ndiyo inayoyafanya yote kuwa hatari zaidi, maana ukidondoka hakuna anayejua wewe ni mjamzito. Klabuni mwambie hata mmoja tu, wiki hii. Mume wako naye nadhani amenyamaza kwa kukosa cha kusema, si kwa kukosa upande. Mpe kazi: awe nyuma yako na baiskeli Jumapili, abebe maji na simu.

Na mama mkwe. Umemsoma kama mshitaki wako, na huenda ndivyo alivyo. Lakini mtu asiyejali hanyamazi siku nzima kwa kuona raba. Ile mimba ilikuwa mjukuu wake, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kumpa pole. Siku ya utrasaundi mwombe akusindikize. Mwombe mpimaji amwonyeshe mtoto anavyojigeuza na kitovu kinavyoelea, na amwonyeshe kondo liko wapi. Muulize mpimaji lile swali la ukingo na mlango wa kizazi mama akiwa amekaa hapo, asikie jibu kwa masikio yake, na wewe usikie naye.